Tangi la Samaki Lisigeuke Sufuria

Vijana wa parokia yetu hapa Mombasa wana mradi wa kutengeneza matangi ya vioo ya kufugia samaki wa mapambo. Wengi wenu mnaufahamu. Ni wao walioweka tangi moja pale mlangoni siku ya sherehe ya mavuno, watoto wakakataa kuingia kanisani. Mtaji waliukopa kutoka kwa chama cha akina mama. Vioo wananunua mjini na kuviunganisha kwa silikoni, fundi wa mbao anawatengenezea kifuniko chenye taa ndani, na samaki wanawazalisha wenyewe nyuma ya ukumbi.

Msimu wa kaskazi uliopita wateja watatu walirudi katika wiki moja, kila mmoja akilalamika kwamba samaki wake wamekufa. Wa kwanza alisema aliuziwa samaki wagonjwa. Wa pili aliyalaumu maji ya bomba. Wa tatu, mama mmoja mtu mzima, alishuku jicho la mgeni aliyekaa sebuleni kwake akiwasifu samaki kupita kiasi. Habari zikafika chamani, na akina mama wakaanza kuulizia deni lao kwa sauti ya upole ambayo sote tunaijua maana yake.

Basi sisi wa ofisi ya maendeleo tuliomba kipimajoto na kwenda nyumba kwa nyumba pamoja na vijana. Kwa yule mama tulifika saa tatu usiku. Sebule ilikuwa na joto la digrii 30, jambo la kawaida wakati wa kaskazi. Tulipotia kipimajoto majini kilipanda mpaka digrii 34. Tukafungua kifuniko cha mbao na hewa ya moto ikatupiga usoni kama vile mtu anapofunua sufuria ya wali. Ndani mlikuwa na balbu mbili za wati 60, zile za zamani zenye uzi mwembamba unaowaka. Zilikuwa zimewashwa tangu asubuhi ili wageni waone samaki vizuri. Samaki watatu waliobaki walikuwa juu kabisa, midomo nje ya maji, wakihema.

Hakukuwa na ugonjwa wala jicho. Maji yalikuwa yanapashwa moto polepole kila siku, na sisi wenyewe ndio tuliouza lile jiko.

Balbu ni jiko

Ndugu msomaji aliyewahi kufuga kuku anajua kwamba vifaranga wa siku moja huwashiwa balbu ili wapate joto. Hakuna anayeshangaa. Lakini balbu hiyo hiyo ikiwekwa juu ya samaki, tunaiita taa na kusahau kazi yake ya pili. Balbu ya uzi ikitumia stima ya shilingi mia, zaidi ya shilingi tisini huishia kuwa joto. Mwanga ni zile chache zinazobaki. Halojeni ni afadhali kidogo tu. Taa za mrija, zile ndefu nyeupe, hutoa mwanga mwingi zaidi kwa stima hiyo hiyo, na taa za kisasa za LED huzishinda zote.

Tufanye hesabu. Tangi la yule mama lina urefu wa sentimita 80, upana 35, na maji yamefika kimo cha 36. Hiyo ni kama lita 100. Balbu mbili za wati 60 ni wati 120. Kama joto lote lingeingia majini bila kupotea, maji yangepanda digrii moja kila saa. Halipotei lote wala haliingii lote, lakini pale lilipofungiwa ndani ya sanduku la mbao, juu kidogo tu ya maji, lingekwenda wapi? Hata nusu yake ikiingia, baada ya kutwa nzima maji hayawezi kubaki yalivyokuwa asubuhi. Usiku hupoa kidogo, asubuhi taa zinawashwa tena kabla hayajafika chini.

Nyumba ya pili tulikuta hali kama hiyo, ila pale tangi lilikuwa limewekwa juu ya friji. Friji hutoa joto lake nyuma na ubavuni, kwa hiyo samaki walikuwa na jiko juu na jingine chini. Nyumba ya tatu ilikuwa na paa la mabati bila dari, na dirisha la upande wa magharibi linalopokea jua la alasiri moja kwa moja. Huyo hata angezima taa asingepona.

Kwa nini samaki hufa

Watu hufikiri samaki anaungua. Si hivyo. Samaki wengi wa mapambo wanatoka nchi za joto, na digrii 26 au 28 kwao ni nyumbani. Shida ni pumzi.

Samaki huvuta oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, na maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo zaidi. Hapa pwani, usawa wa bahari, lita moja ya maji yasiyo na chumvi ya digrii 20 inaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni. Kwa digrii 30 ni kama 7 na nusu, na kwa digrii 34 ni 7 tu. Hicho ndicho kiasi cha juu kabisa. Maji yaliyotulia chini ya kifuniko hayakifikii. Wakati huo huo mwili wa samaki ndani ya maji ya moto hufanya kazi haraka zaidi na kudai oksijeni nyingi. Vijidudu vinavyooza mabaki ya chakula navyo huongeza kasi na kula oksijeni hiyo hiyo. Ni kama nyumba ambayo mshahara unapungua na watoto wanaongezeka.

Kuna na jambo la pili. Uchafu wa samaki hutoa amonia, na sehemu ya amonia hiyo ni sumu. Maji yakipanda joto, sehemu ile yenye sumu huongezeka hata kama uchafu ni ule ule. Ndiyo maana tangi lililokaa salama tangu Juni linaweza kuua samaki Februari, mwenyewe akiapa kwamba hakubadilisha kitu.

Dalili ni rahisi kuziona ukijua pa kutazama. Samaki hupanda juu na kukaa hapo wakimeza hewa, mashavu yakifunguka na kufunga kwa haraka. Wengine hujikusanya karibu na mapovu ya pampu. Wanakataa chakula, nacho kinaanguka chini na kuoza. Ukiona hivyo jioni baada ya taa kuwaka kutwa, usikimbilie dukani kutafuta dawa. Pima joto kwanza.

Tunaongeza neno kwa wasomaji wetu wa bara. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi. Maji yake hubeba oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko maji ya joto lile lile hapa Mombasa. Kwa hiyo msituonee huruma sana sisi wa pwani. Tangi la digrii 30 Nairobi lina pumzi fupi kuliko letu.

Anza na taa

Dawa ya kwanza tuliyotoa kwa yule mama ilikuwa kutoa balbu zote mbili na kuweka taa moja ya LED ya wati 10. Mwanga alisema unatosha, na samaki wanaonekana. Hesabu ni ile ile: badala ya wati 120 za joto, sasa ni 10. Kwa tangi la kawaida la nyumbani lenye samaki na majani machache, taa kubwa haina faida. Inaotesha ukungu wa kijani kwenye vioo tu, kisha unalaumu samaki kwa uchafu.

Asiyeweza kubadilisha taa leo aiinue. Tundika taa sentimita 30 au zaidi juu ya maji, pawe na nafasi ya hewa kupita, badala ya kuifungia ndani ya sanduku. Hata taa ya LED ina mgongo unaopata moto, na mgongo huo uwe nje penye hewa. Kifuniko cha mbao au kioo kiondolewe wakati wa kaskazi, na mahali pake uweke wavu mwembamba, kwa sababu samaki wengine ni warukaji na paka wa Mombasa hawahitaji mwaliko.

Halafu saa. Samaki hawahitaji taa kutwa. Saa nane kwa siku zinatosha hata kwa tangi lenye majani. Tunashauri ziwashwe saa tisa alasiri au baadaye, jua la mchana likiwa limeanza kulegea, zizimwe wakati wa kulala. Hapo ndipo familia ipo nyumbani na wageni wanakuja. Kuwasha saa sita mchana chini ya mabati ni kuongeza kuni penye moto.

Mtungi unajua

Baada ya kuondoa taa za moto, tangi la mama lilishuka, lakini lilisimama kwenye digrii 30 sawa na sebule. Kwa samaki wake, gapi, digrii 30 bado ni juu. Tulitaka kushuka chini ya joto la chumba, na hapo vijana wakauliza: tutanunua mashine ya kupoza? Mashine hizo zipo na bei yake inazidi bei ya tangi, samaki na meza kwa pamoja. Hatukuwa na haja nayo, kwa kuwa bibi zetu wote walikuwa na mashine hiyo kwenye pembe ya nyumba. Ni mtungi.

Maji ya mtungi yako baridi kuliko chumba kwa sababu udongo wake unavuja unyevu kidogo kidogo. Unyevu huo ukifika nje unageuka mvuke, na ili ugeuke mvuke lazima uchukue joto, nao hulichukua kwenye maji yaliyobaki. Hodhi la plastiki halivuji, kwa hiyo halipozi. Tangi la kioo nalo halivuji, lakini lina uso wa juu ulio wazi. Ukipitisha upepo pale juu, mvuke unaondoka haraka na joto linaondoka nao.

Nguvu ya jambo hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Lita moja ikigeuka mvuke kutoka kwenye tangi la lita 100, inachukua joto la kutosha kushusha maji yote karibu digrii 6, ikiwa joto hilo lote limetoka majini. Sehemu yake hutoka hewani na chumba nacho kinarudisha joto, kwa hiyo hutaona 6. Ila feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha digrii 2 mpaka 4, penye hewa kavu zaidi na penye unyevu pungufu. Mombasa wakati wa kaskazi hewa imejaa unyevu, nasi tulipata digrii 2 tu. Zilitosha. Usiku wa tatu kipimajoto cha yule mama kilisoma 28, sebule ikiwa 30. Ndugu zetu wa Lodwar, wenye joto kali na hewa kavu, wangefanikiwa zaidi.

Feni isielekezwe kwenye kioo bali ipulize kwa mshazari juu ya uso wa maji. Vijana wetu wanatumia zile feni ndogo za kompyuta mbovu, zinazotumia volti 12, ambazo mafundi wa jua kali wanauza kwa bei ya kutupa. Zinakula stima kidogo sana, na volti 12 karibu na maji ni salama kuliko 240, mradi adapta yake ikae mbali na maji.

Maji yatapungua, na hiyo ndiyo ishara kwamba kazi inafanyika. Ongeza kila siku. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini ipungue. Lakini hapa pwani lazima tuonye juu ya visima. Visima vingi vyetu vina chumvichumvi, na mvuke hauchukui chumvi, unaiacha. Ukijazia kwa maji ya kisima wiki baada ya wiki, chumvi inajikusanya mpaka samaki wa maji baridi wanashindwa. Maji ya mvua ni bora kwa kujazia, yakikingwa baada ya mvua ya kwanza kuosha paa. Hata hivyo kujazia hakuondoi uchafu, kwa hiyo kila wiki toa robo ya maji ya zamani na uweke mengine, yenye joto linalokaribiana na lile la tangi.

Habari ya barafu

Mteja mmoja alituambia kwa fahari kwamba yeye alikuwa akitumbukiza vipande vya barafu kutoka kwa muuza samaki. Tulimwomba aache. Samaki huvumilia joto linalobadilika polepole. Akishushwa ghafla anapata mshtuko na kufa hata kama joto jipya ndilo analolipenda. Isipite digrii moja kwa saa. Tena barafu ya aina ile haijulikani imetengenezwa kwa maji gani.

Barafu ndani ya chupa iliyofungwa, ikielea, haina hatari hiyo ya uchafu. Lakini usiitegemee sana. Chupa ya nusu lita iliyoganda ikiyeyuka yote ndani ya lita 100 inashusha kama nusu digrii tu, kisha umebaki na chupa ya maji vuguvugu na friji inayofanya kazi mara mbili. Ni ya dharura. Feni inafanya zaidi usiku kucha.

Waya

Kusema kweli, nyumbani kwa yule mama kilichotutisha zaidi ni waya. Soketi ilikuwa chini ya usawa wa tangi, na waya wa taa ulishuka moja kwa moja kutoka kifunikoni mpaka kwenye plagi. Mvuke ulikuwa umeganda kwenye waya na matone yalikuwa yakitiririka kuelekea soketi. Mjukuu wake wa miaka minne hucheza papo hapo. Lile joto lililoua samaki ndilo lililokuwa pia likiyeyusha plastiki ya kishikio cha balbu mpaka shaba ikaonekana.

Tafadhali angalieni nyumbani leo. Waya wowote unaotoka kwenye tangi ushuke kwanza chini ya kimo cha soketi kisha upande kuingia, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Kabla ya kutia mkono majini, chomoa plagi zote, kuzima swichi hakutoshi. Na kama fundi wako anaweza kukufungia swichi ile inayokata stima yenyewe inapovuja, fedha hiyo isikuume.

Hita nayo. Maduka mengine huuza tangi pamoja na hita kwa sababu vifurushi vimepangwa kwa nchi za baridi. Limuru au Nyahururu mwezi wa Julai utaihitaji. Mombasa iondoe kabisa. Ikikwama ikiwa imewaka, hutajua mpaka asubuhi.

Stima ikipotea

Kupotea kwa stima usiku wa joto ndio mtihani. Feni imezimika, pampu ya hewa imezimika, na maji yana digrii 29. Usiwape chakula. Funua tangi lote. Chukua kikombe safi, chota maji, uyamwage tena tangini kutoka juu kama mtu anayepoza chai, dakika tano mfululizo, kisha pumzika na urudie kila nusu saa. Maji yanayoanguka yanabeba hewa. Vijana wetu wamelala ukumbini mara mbili kwa kazi hii, na hawakupoteza samaki hata mmoja.

Jambo moja hatukukubaliana nao. Sisi tulisema samaki wa dhahabu wasiuzwe pwani kabisa. Hao asili yao ni maji ya baridi, wanapenda digrii 18 mpaka 24, na hakuna sebule ya Mombasa inayowapa hiyo mwezi wa Februari, feni au bila feni. Vijana walisema ndio wanaonunuliwa zaidi, hasa na wazazi wenye watoto. Tuliwauliza kama wamesoma Mithali sura ya 12, habari ya mtu wa haki na mnyama wake. Wakasema wamesoma, na deni la chama nalo wamelisoma. Tulipoachana walikuwa wamekubali kumaliza waliobaki katika hodhi kubwa la saruji lililo kivulini, na wasizalishe wengine.

Wateja wote watatu walipewa samaki wapya kwa nusu bei, na vifuniko vya mbao vikatobolewa matundu mapana. Kila tangi linalouzwa sasa linatoka na kipimajoto kilichobandikwa kiooni, na alama ya rangi nyekundu kwenye digrii 30. Wanaotaka kifuniko chao cha zamani kitobolewe wakilete ukumbini Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Balbu za zamani wanazopewa vijana hazitupwi. Zinakwenda kwa mradi wa vifaranga.